Uso wa Kuazima

Waliombandika jina la Mama Pasi hawakumwonea. Mwanamke huyu amepiga pasi nguo za watu tangu mgongo wake umenyooka mpaka leo hii, ambapo akitaka kuinuka kitini lazima ashike meza kwanza na kuishauri. Alianza na pasi ya mkaa, ile ya kupuliza majivu kabla hujagusa nguo, la sivyo shati jeupe la mtu linapata madoa na wewe unapata matusi. Baadaye mwenye duka la dobi akaleta pasi za umeme, na Mama Pasi akanung'unika muda mrefu kwamba hazina uzito, ni za kuchezea watoto. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, kifua mwisho. Ukimwona akiwa kazini utadhani amenuna, maana midomo huibana na salamu huitikia kwa kichwa. Hajanuna. Ndivyo alivyo akiwa na jambo mkononi.

Kwa pasi hiyo watoto wake watatu wamekula, wamevaa na wamesoma. Mkubwa, kifungua mimba, ni fundi umeme, mtu wa mwili na sauti, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kulia. Wa pili ni binti, nesi, ambaye kwake kila jambo sharti lipangwe kwenye mstari, hata viatu vya wageni mlangoni. Wa mwisho ameshaanza kuota mvi lakini bado anaitwa Kitinda, kwa sababu kitinda mimba hakui machoni pa watu wa kwao. Huyu anafanya kazi kwenye duka la uchapaji. Baba yao alipofariki, Kitinda alikuwa hajaota hata jino.

Ukiingia sebuleni kwa Mama Pasi, wa kwanza kukutazama ni baba yao. Yuko ukutani juu ya kochi, ndani ya fremu ya mbao: kijana wa shati jeupe, kidevu kitupu, macho yanakukodolea kama mtu aliyeulizwa swali asilolitegemea. Mkubwa alipooa, aliitaka picha hiyo iwekwe kwenye kiti cha mbele, na ikawekwa. Binti ana nakala yake ndogo kwenye pochi. Kitinda, ambaye hakupata hata kumjua, amemweka kwenye kioo cha simu yake, na kila simu ikiita, baba anawaka.

Sasa lijulikane mapema, maana sipendi kumzungusha mtu: yule wa ukutani si baba yao. Ni baba yao mdogo.

Mume wa Mama Pasi alikuwa mtu wa idara ya rangi kwenye kiwanda cha nguo. Akirudi nyumbani, harufu yake ilitangulia kupiga hodi, na kucha zake zilikuwa za buluu mwaka mzima. Mtu huyu hakuwa na bahati na kamera. Siku ya ndoa yao mpiga picha alikuja, akawapanga, akawahamisha mara kivulini mara juani, akala akashiba, akaondoka. Aliporudi baadaye alirudi mikono mitupu na uso wa kufiwa: filamu imeungua, yote. Walicheka. Walikuwa vijana, picha ni kitu gani? Watapiga nyingine. Basi ikawa leo na kesho. Ikaja mimba, ikaja kuhama chumba, ikaja mimba nyingine. Picha pekee ya mtu yule duniani ilikuwa ile ndogo ya kitambulisho cha kazi, na hiyo alitembea nayo mfukoni.

Gari la kiwanda lilipopinduka na wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, kitambulisho kilirudi nyumbani pamoja na mkanda na viatu. Kilikuwa kimelowa. Mama Pasi hakukigusa mpaka watu walipotawanyika baada ya mazishi, na wakati huo damu ilikuwa imeshakauka na picha imegandana na kifuko chake cha plastiki. Mwenye subira angeipeleka kwa wapiga picha, watu wanaojua kuloweka na kubandua. Lakini siku kama ile subira mtu anaitoa wapi? Aliivuta kwa ukucha. Mkononi ilibaki karatasi nyeupe, na uso wa mumewe ukabaki kwenye plastiki vipande vipande, na alipojaribu kuufuta, vipande navyo vikapukutika. Alilia kwa ajili ya picha ile kuliko alivyolia makaburini. Wanawake waliokuja mbio kumshika walidhani ndiyo kwanza msiba umemwingia, na kwa kweli hawakukosea sana.

Maisha yakaendelea, maana hayana adabu. Alirudi kwenye pasi akiwa na mtoto mgongoni. Jioni moja Mkubwa, ambaye wakati huo ndiyo kwanza ameanza shule, alimfuata kazini na begi lake, akasimama karibu na meza.

"Una nini wewe? Umepigwa?"

"Hapana. Mama, simwoni tena baba."

"Humwoni wapi?"

"Nikifumba macho. Zamani nilikuwa nikifumba namwona. Sasa hivi ni kiza tu."

Mama Pasi aliiweka pasi wima. Alijikaza kisabuni, akamwambia mtoto baba hapotei, yuko, afumbe tena polepole. Mtoto akafumba, akakunja uso mzima kwa bidii, kisha akafumbua na kutikisa kichwa. Ndipo Mama Pasi akaona msiba wa pili unakuja, na huu hakuna atakayekuja kumshika mkono.

Alikwenda kwa shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, fundi baiskeli, kijana mpole wa maneno machache ambaye tangu mazishi alikuwa akipita kila Jumapili kuuliza kama kuna kitu cha kurekebishwa. Ukiwaona ndugu hawa wawili kwa nyuma ungewachanganya: mabega yale yale, mwendo ule ule wa kuvuta mguu kidogo. Kwa mbele walikuwa mbalimbali, na Mama Pasi wakati huo alilijua hilo vizuri sana.

"Shemeji, nina ombi. Ukikataa sitakulaumu."

"Sema tu, shemeji."

"Nenda ukapige picha. Uvae shati lake. Watoto wanamsahau."

Shemeji alifuta mikono yake yenye grisi kwenye kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Nikae mimi, wamwone yeye?"

"Mpaka wakue tu. Wakishakua nitawaambia mwenyewe."

"Lakini mimi na kaka hatufanani kihivyo, shemeji. Wewe mwenyewe unajua."

"Mimi najua. Wao hawajui."

Alilipiga pasi shati la marehemu kama hajawahi kupiga shati jingine. Shingo ya shemeji ilikuwa nyembamba, kola ikapwaya, kwa hiyo akaibana kwa pini upande wa nyuma ambako kamera haifiki. Mpiga picha, ambaye hakujua lolote, alichungulia kwenye kamera yake, akainua kichwa na kusema, "Cheka kidogo bwana, mbona umekaa kama umefiwa?" Shemeji alimtazama tu. Ndiyo hayo macho yaliyoko ukutani mpaka leo.

Mama Pasi hakumwomba zaidi ya hapo. Lililofuata shemeji alilifanya kwa hiari yake: tangu wiki ile hakunyoa tena ndevu. Aliziacha zikamea, zikajaa, zikamfunika kuanzia masikioni mpaka kifuani, asije mmoja wa watoto akaangalia ukutani, akamwangalia na yeye, akaanza maswali. Fremu yenyewe haikutundikwa mpaka zilipojaa na watoto wakaizoea sura yake mpya. Zilimwasha wakati wa joto. Zilimletea utani wa kila aina barabarani. Mchumba aliyempata baadaye alimwomba azikate siku ya harusi tu, siku moja jamani, naye akakataa, nusura harusi ivunjike. Watoto wa kaka yake walimwita Baba Ndevu na kuzivuta kama kamba. Na kamera aliikimbia. Kwenye sherehe yoyote ya ukoo, mtu akitoa kamera, yeye alikuwa wa kwanza kuidaka: "Lete nipige mimi, nyinyi sogeeni huko." Kwa hiyo kwenye albamu zote za nyumba hii hayumo, na yeye ndiye aliyepiga nusu ya picha zenyewe.

Alifariki mwaka juzi. Watoto wake walihangaika kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, wakapata moja tu, ya uzeeni, amekaa upande, ndevu nyeupe zimejaa fremu. Mkubwa aliitazama, akainama kumnong'oneza mama yake: "Ajabu, eh? Baba Ndevu na baba hawakufanana hata kidogo." Mama Pasi alijifunika uso kwa kitambaa, na watu wakaona ni majonzi.

Kwa nini hakuwaambia walipokua? Usimwulize hivyo ukiwa umekaa kitini pako salama. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake. Mara mtoto ana mtihani, usimvuruge. Mara kuna harusi. Mara mjukuu amezaliwa na watu wote wanashangilia kwamba amechukua macho ya babu, wanamwinua karibu na fremu walinganishe. Utaanzia wapi hapo?

Na kuna jambo ambalo hakulipigia hesabu kabisa. Alipanga kuwapa watoto uso. Hakufikiri kwamba yeye pia ana macho, na kwamba ataifuta vumbi picha ile miaka nenda miaka rudi. Siku moja, katikati ya kola ya mtu, alitaka kumkumbuka mumewe akicheka, tu hivi, kwa kujiliwaza. Akaja akicheka, na uso ni wa shemeji. Akamfukuza, akamwita tena. Akaja na uso wa shemeji. Alijaribu kumwendea kwa nyuma: mgongo ulikuwa wake, kisogo chake, kucha za buluu zake, hata ule mguu wa kuvuta. Mtu akageuka, akawa shemeji mwenye kidevu kitupu, anamkodolea. Shati la mteja liliungua siku hiyo, na mwenye duka alisema mengi. Mama Pasi hakuyasikia. Alikuwa anakumbuka kwamba ndugu wale hawakufanana, na hakumbuki walitofautiana wapi.

Shemeji alipozikwa, alizikwa mtu wa mwisho ambaye, kwa alivyojua yeye, angeweza kumwambia. Tangu hapo Mama Pasi alibaki na haja moja tu katika dunia, na hakumwambia mtu: amwone mumewe, hata kama ni mara moja, hata kama ni kwa mbali, kabla na yeye hajafumba macho. Alijua haiwezekani, akaendelea kutaka.

Basi Kitinda akaja na mpango wake. Atakusanya picha zote za zamani za familia, azipange, azichape kwenye turubai moja kubwa, kila mtu apate yake. Jumapili wakakutana kwa mama, kila mmoja na mfuko wake. Picha zikamwagwa mezani. Unajua zilivyo picha za hivyo: nyingine zimeliwa pembeni, nyingine zina alama ya kikombe, nyingine hazijulikani ni za nani na hakuna anayethubutu kuzitupa. Walicheka sana mwanzoni. Binti alikutwa amesuka nywele kama nyaya za redio. Mkubwa alikutwa kwenye picha ya shule, amefumba macho, na ya mwaka uliofuata, amefumba tena.

"Wewe ulikuwa unakwenda shule kulala," Kitinda alisema.

"Nilikuwa nasali kwa ajili yako, hukuwa na akili tangu mdogo."

Mama Pasi naye alicheka. Ilikuwa mchana mzuri mpaka Mkubwa alipoinua macho kwenye fremu na sauti ikambadilika.

"Nyinyi hamumkumbuki. Mimi namkumbuka," alisema. "Kuna siku alinibeba mabegani tukaenda kuangalia gari moshi. Likapiga honi, nikaogopa, nikamng'ang'ania kichwa. Akainua uso kunitazama, hivi. Macho yale yale. Nikiwa na shida kubwa huwa nakaa kwenye gari peke yangu nakumbuka alivyonitazama." Akafuta machozi kwa kiganja, jibaba zima. Dada yake akamsugua mgongo. Mama Pasi aliangalia mikono yake iliyojaa makovu ya pasi, akajifanya anapanga picha. Safari ile ya gari moshi anaikumbuka. Ilikuwa kweli. Kilichokuwa si kweli ni uso tu.

Hodi ikapigwa wakati huo. Alikuwa nesi, mwenzake binti pale zahanati, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Binti ndiye aliyemkaribisha. Baba wa nesi huyu naye alikuwa amefariki miezi iliyopita, na katika kupanga vitu vyake walikuta picha kubwa ya kiwandani.

"Mama, baba yangu alikuwa idara ya rangi," mgeni alimwambia Mama Pasi akimwamkia kwa mikono miwili. "Alikuwa akitusimulia habari za rafiki yake aliyefariki kwenye lile gari. Mwenzangu aliponiambia baba yake alifariki hivyo hivyo, nikasema haiwezi kuwa mtu mwingine. Baba alisema wamo wote wawili."

Akatoa bahasha kwenye mkoba, na kutoka kwenye bahasha akatoa picha.

Mama Pasi alisogeza kiti chake. Ilikuwa picha pana, nyeusi na nyeupe, haina hata doa. Wanaume wamepangwa safu mbele ya jengo, wengine wamesimama, wengine wamechuchumaa, wote kwa ovaroli za kiwanda isipokuwa wachache wa ofisini waliokaa kwenye viti. Mpiga picha alikuwa amewaamuru wakunje mikono kifuani. Mikono yote imefichwa, huoni kucha ya mtu.

Watoto wakaivamia. Vichwa vitatu vikagongana juu ya meza.

"Huyu hapa!" Mkubwa alisema. "Huyu wa kwenye kiti. Ona paji la uso!"

"Huyo ana tai, kaka. Baba hakuwa karani."

"Basi huyu wa nyuma."

"Huyo ana masikio kama milango. Leteni fremu," binti alisema. "Tusibahatishe. Tufananishe mmoja mmoja."

Kitinda akapanda kwenye kochi, akaitungua fremu, akaiweka mezani ubavuni mwa ile picha pana. Wakaanza kazi. Binti anaweka kidole chini ya kila uso, Kitinda anaukuza kwa simu, Mkubwa anaangalia kwenye fremu na kutoa hukumu. Siye. Huyu siye. Huyu pua, hapana. Huyu macho yanataka kufanana, lakini kidevu sicho. Mama Pasi alikaa akiwaona watoto wake wanampita baba yao kwa kidole, hajui ni wakati gani, wanasema siye.

"Mama, mwenye mali ni wewe," Mkubwa alisema mwishowe akicheka. "Tuonyeshe mtu wako."

Wakamsogezea. Mgeni naye akasogea mbele kidogo. Mama Pasi aliishika picha kwa ncha za vidole, kama anavyoshika nguo yenye unyevu. Miaka yote alijiambia kwamba siku akimwona tu, atamjua. Akili inaweza kusahau lakini macho yatashtuka yenyewe, damu itashtuka. Akaanza kushoto, safu ya juu. Akapita taratibu. Kijana, kijana, mwenye masharubu, kijana, mzee. Akashuka safu ya pili. Wote walimtazama. Hakuna aliyemshtua. Akarudi mwanzo, akapita tena, mbio zaidi, na safari hii nyuso zikaanza kufanana zote, kila moja ingeweza kuwa yake na hakuna iliyokuwa yake. Aliwaona watu wazima waliokufa na watu wazima pengine walioko hai, wote wageni.

"Ni macho, mama?" binti aliuliza kwa upole.

Mama Pasi anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na wote wanajua.

"Ni macho," alisema.

"Basi hayumo," binti akakata shauri. "Labda siku hiyo hakuwa zamu."

"Lakini baba alisema..." mgeni alianza.

"Wazee wetu mwishoni huchanganya mambo, dada, usijali. Tunashukuru umetukumbuka."

Kitinda alikuwa ameshainua simu apige picha ya ile picha, kwa mazoea tu. Mkubwa akamwambia aache, simu yenyewe kila siku inalalamika imejaa, na watu wenyewe hawamhusu. Kitinda akashusha simu. Akaifuta fremu kwa mkono wa shati lake, akapanda kwenye kochi, akairudisha kwenye msumari.

Hapo Mama Pasi alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu: yumo. Lakini akilisema, wataruka wote watatu, yupi? Na watarudi kwenye fremu kumfananisha, na itabidi aseme fremu ile ni ya nani. Akamtazama Mkubwa. Macho yalikuwa bado mekundu kwa ajili ya mabega na gari moshi. Amnyang'anye baba wa mabegani, kisha ampe nini badala yake? Kundi la wanaume waliokunja mikono? Akaufunga mdomo, na mgeni akairudisha picha kwenye bahasha.

Alijitolea yeye kumsindikiza. Watoto walisema apumzike, akasema amechoka kukaa. Walitembea polepole hadi barabarani, ambako mume wa mgeni angekuja kumchukua.

"Mama, samahani, nimewapotezea muda."

"Hukupoteza," Mama Pasi alisema. "Yumo."

Nesi akasimama. Mama Pasi akamweleza, pale pale kando ya barabara, kwa maneno machache na bila kulia: filamu, kitambulisho, shati, shemeji. Alikuwa hajapata kulitamka jambo hili mbele ya mtu yeyote isipokuwa marehemu mwenyewe wa ndevu, na alishangaa lilivyo fupi. Mgeni hakusema pole. Alitoa bahasha, akaitoa picha, akaweka kidole safu ya pili.

"Baba yangu ni huyu. Alisema siku hiyo rafiki yake alisimama pembeni yake kabisa."

"Pembeni upande gani?"

Nesi akafikiri, akatikisa kichwa. "Hakusema, mama."

Kwa hiyo walikuwa wawili. Mmoja alikuwa ameinua kidevu kama anayegombana na mpiga picha. Mwingine jua lilimwingia machoni, ameyakunja, na midomo kama inataka kucheka. Mmoja wao alilala naye kitanda kimoja, akamzalia watoto watatu. Mama Pasi alimtazama wa kulia, akamtazama wa kushoto, akayarudisha macho kulia. Gari la mume wa mgeni lilifika, likasimama, injini inaunguruma. Yeye bado anatazama. Alimngoja mmoja wao amfanyie ishara yoyote.

"Sijui," alisema. "Mwanangu, sijui yupi."

Nesi ndiye aliyelia. "Nitakutolea kopi, mama. Utakaa nayo taratibu, peke yako. Utakumbuka tu."

"Usiitoe."

"Kwa nini, mama?"

"Nikikaa nayo nitamchagua mmoja. Najijua. Nitamchagua, nitamzoea, na nitaapa ndiye. Nimeshampa uso wa mtu mwingine mara moja, sitampa tena."

Alimkabidhi picha kwa mikono miwili, akamfungulia mlango wa gari, akamwambia amsalimie mama yake. Gari likaondoka na mumewe ndani ya mkoba. Asubuhi ile ya gari la kiwanda pia alikuwa ameondoka hivyo: amesimama mlangoni ameaga, na Mama Pasi alikuwa ameinama juu ya pasi, ana shati la mtu la haraka, akaitikia "haya" bila kuinua kichwa.